Dawa Isiyoponya

Lugha yetu ina ukarimu mkubwa kwa neno "dawa". Ya homa ni dawa, ya mende ni dawa, ya panya nayo ni dawa. Mtu mzima hutenganisha. Mtoto wa miaka 2 atatenganisha kwa kipi? Jana alishikwa pua, akanyweshwa dawa, akasifiwa alipoimeza. Leo aikutapo ndani ya chupa ya soda, amekosa nini?

Nauliza kwa kuwa chupa hiyo niliwahi kuiweka mimi. Dawa ya mende ilikuwa ya kupimiwa, nami nikaitia katika chupa iliyokuwa karibu. Mjukuu wangu akaikuta. Alitokwa na mate na jasho, mboni zake zikawa kama tundu la sindano. Hospitali walimtia atropini, akapona. Majirani wakaja na faraja yao: ni kudra, bibi.

Kudra siikatai. Lakini mkono uliomimina ulikuwa wangu. Sumu za aina ile huzuia kimeng'enya kinachozituliza neva, na kiasi kidogo kwangu ni kikubwa kwa mwili wa kilo 11. Hayo sikuyajua. Je, kutojua ni udhuru? Labda, lau nisingejua lolote. Bali nilijua kuwa ni sumu, ndiyo maana nikaisukuma mbali, uvunguni mwa kitanda, ambako ndiko kwenye michezo yake.

Mama yake hajanilaumu hata leo, nami sijapata kumwambia kuwa faraja ile ya majirani sikuistahiki.