Msiba Usiotokea

Mtu akimtoa mwenziwe kisimani husifiwa na kijiji kizima. Jina lake hutajwa sokoni na barazani, na aliyeokolewa humheshimu maisha yake yote. Lakini mtu aliyekifunika kisima kile kabla hajatumbukia mtu, ni nani amsifuye? Hakuna aliyelia, hakuna aliyelowa, hakuna mwenye la kusimulia. Pengine yeye huambiwa kwamba amepoteza mbao zake bure. Ndivyo ilivyo tabia ya wanadamu. Kazi ya tiba twaiona kwa macho, bali kazi ya kinga twaiona kwa akili tu. Na sisi ni wepesi wa kuyasadiki macho kuliko akili.

Kwa hiyo liko swali ambalo kila taifa halina budi kujiuliza. Je, yatupasa kutumia mali, kazi na wakati juu ya msiba ambao huenda usitokee? Na kama yatupasa, ni nani alipe? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Katika nchi yetu lina historia, na historia hiyo yaanzia Naivasha.

Mwezi wa Julai mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wana-kondoo walianza kufa siku chache baada ya kuzaliwa, na kondoo wenye mimba wakazitupa. Kwa muda wa majuma machache tu kondoo waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Waliochunguza jambo hilo walikuwa R. Daubney na J. R. Hudson, madaktari wa mifugo wa maabara ya Kabete, pamoja na P. C. C. Garnham, ambaye alikuwa daktari wa watu. Mwaka 1931 walichapisha matokeo yao. Walionyesha kwamba ugonjwa ule uliletwa na virusi, vitu vidogo mno vipenyavyo hata katika vichujio vinavyozuia bakteria. Waliona pia kwamba kondoo waliopandishwa nyanda za juu, mahali pasipo na mbu wengi, walisalimika; wakawashuku mbu. Ugonjwa ukaitwa Homa ya Bonde la Ufa, na kwa jina hilo wajulikana duniani kote hata leo.

Katika habari hii limo jambo moja la kufikiriwa. Uchunguzi ulianza kwa ajili ya kondoo, mali ya mwenye shamba, nao ukawafikia watu baadaye. Ilionekana kwamba wachungaji wa kondoo wale walikuwa wameugua homa, na hata watafiti walioshughulika na ugonjwa ule waliambukizwa. Mara nyingi ndivyo mambo yaendavyo: hasara ya mwenye mali husikiwa kabla ya maumivu ya mtumishi wake. Hatuna haja ya kuwalaumu watafiti wale, maana waliyafuata maradhi kila yalikowaongoza. Lakini na tulikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalikuta tena mbele.

Elimu iliyopatikana tangu siku zile ni kubwa. Twajua kwamba miongoni mwa wanyama homa hii huenezwa na mbu, na ya kuwa watu wengi huipata kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, wakati wa kuchinja au kumsaidia kuzaa, na kwamba maziwa mabichi nayo si salama. Wengi waambukizwao hupata homa ya siku chache, wakapona. Wachache huharibika macho, au hushikwa na maradhi ya ubongo, au hutokwa na damu mwilini hata wakafa. Na twajua jambo jingine la ajabu zaidi. Wako mbu watagao mayai yao katika udongo wa mabonde madogo yanayotuamisha maji. Maji yakikauka, mayai hayafi. Hulala humo ardhini, pengine kwa miaka mingi, na baadhi yake yamebeba virusi vilivyorithiwa kutoka kwa mbu mama. Siku ya mvua iliyozidi kiasi, bonde hujaa, mayai huanguliwa, na mbu hutoka tayari na ugonjwa wao. Mwaka 1985 Linthicum na wenzake walieleza jinsi walivyovipata virusi hivyo katika mbu waliotokana na viluwiluwi vilivyochotwa katika mabonde ya namna hiyo hapa Kenya.

Basi mlipuko mmoja na mwingine huweza kutenganishwa na miaka mitano, kumi, au hata kumi na mitano. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mlipuko huweza kumaliza shule ya msingi asijue hata jina la ugonjwa huo. Daktari huhamishwa, ofisa hustaafu, majalada hufunikwa na vumbi. Udongo hausahau, sisi ndio tusahauo.

Mwisho wa mwaka 1997 mvua kubwa za El Niño zilinyesha katika Afrika Mashariki, na homa hii ikazuka kaskazini mashariki ya Kenya na kusini ya Somalia. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 400 walifariki. Baada ya msiba ule wanasayansi walizidisha juhudi za kuutabiri. Waliona kwamba joto la bahari, Pasifiki na Hindi, hutangulia mvua hizo, na kwamba setilaiti huweza kuonyesha nchi kavu inapogeuka kijani kupita desturi yake. Mwaka 2006 Assaf Anyamba na wenzake waliitumia elimu hiyo, na onyo likatolewa majuma kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo ugonjwa ulithibitishwa Garissa. Hadi mwezi wa Machi mwaka 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na kati yao 155 walikuwa wamekufa. Onyo lilikuwapo, lakini chanjo ya mifugo na katazo la kuchinja vilikuja baada ya virusi kukwisha enea.

Hapa mpinzani atasema neno, na neno lake si la kudharauliwa. Atasema: “Hospitali zetu zimejaa wagonjwa leo. Yuko mtoto mwenye malaria, yuko mama anayekosa damu. Je, tumnyang’anye mgonjwa aliye mbele yetu shilingi yake, tuitupe katika ugonjwa ambao haupo?” Na ataongeza kusema: “Onyo la mwaka 2006 lilikuwa kweli, lakini maonyo mangapi huwa si kweli?”

Ushahidi wake anao. Mwaka 2015 El Niño ilitabiriwa tena. Kenya ilitoa tahadhari, na uangalizi wa mifugo ukazidishwa katika majimbo mengi hadi mwanzo wa mwaka 2016. Mlipuko mkubwa uliohofiwa haukutokea. Je, fedha zile zilipotea?

Kwa maoni yangu, hazikupotea. Mlinzi akikesha usiku na mwizi asije, asubuhi hatumnyimi ujira wake. Uamuzi wa mtu haupimwi kwa yaliyotokea baadaye, ambayo hakuweza kuyajua. Hupimwa kwa yale aliyoyajua siku alipoamua. Mwenye kupewa habari ya hatari kwa ushahidi wa kutosha akatahadhari, ametenda vema, hata kama hatari ilipita kando. Mwenye kupewa habari hiyo akaipuuza ametenda vibaya, hata kama alinusurika. Zaidi ya hayo, miaka miwili tu ilipita. Mwaka 2018, baada ya mvua nyingi za masika, homa ilizuka tena Wajir na Marsabit. Mayai yalikuwapo ardhini muda wote ule.

Na juu ya mgonjwa wa leo, nasema hivi. Uchaguzi wetu si kati ya mgonjwa na kitu kisichokuwapo. Uchaguzi ni kati ya mgonjwa wa leo, ambaye twamjua jina, na mgonjwa wa kesho, ambaye hatumjui bado. Kama si haki kumsahau mtu kwa kuwa yu mbali nasi kwa maili, si haki pia kumsahau kwa kuwa yu mbali nasi kwa miaka. Naye ana mama, ana watoto, ana mbuzi wake wachache. Ila hana sauti, maana hata yeye mwenyewe hajui kwamba ataugua. Wajibu huu una mpaka wake, kwani taifa maskini haliwezi kujikinga na kila kitu. Lakini kumfundisha mchinjaji asiguse damu mikono mitupu, kumshauri mama achemshe maziwa, na kuweka akiba ya chanjo kabla ya mvua, si mambo ya kulifilisi taifa.

Sasa tuje kwenye swali la pili, lililo gumu zaidi. Ni nani alipe?

Iko chanjo ya mifugo iliyotokana na kazi ya Smithburn, kutoka virusi vilivyopatikana kwa mbu katika msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Chanjo hiyo ni ya bei nafuu na imefanya kazi kwa miaka mingi. Lakini mnyama mwenye mimba akichanjwa kwayo huweza kuitupa mimba yake. Tena haifai kuanza kuchanja katikati ya mlipuko, maana sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama huweza kuueneza ugonjwa wenyewe. Hapana budi kuchanja mapema, katika miezi ya utulivu. Basi mfugaji huombwa akubali hasara aionayo leo, ili kuzuia hasara asiyoiona. Na mlipuko ukija, minada hufungwa na uchinjaji hukatazwa. Imekadiriwa kwamba mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 uliigharimu Kenya shilingi bilioni 2.1 hivi. Kwa katazo lile mlaji wa nyama wa mjini alilindwa. Mfugaji wa Garissa, asiye na shamba wala mshahara, ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya gharama ya ulinzi huo.

Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya hekima, nasi watu wa Bonde la Ufa tuna sababu ya kuipenda. Lakini kuna jambo isilolisema. Mara nyingi aliyeuacha ufa siye ajengaye ukuta. Ofisa aliyechelewa kutia sahihi hakupoteza ngamia hata mmoja.

Wengine hudhani kwamba haki ni jambo la kuongezwa baadaye, kazi ya sayansi ikiisha. Hilo ni kosa. Haki yenyewe ni sehemu ya dawa. Mfugaji ajuaye kwamba akitoa habari ya mnyama mgonjwa atafungiwa mnada, asipewe fidia wala pole, ataificha habari hiyo. Nayo habari ikifichwa, setilaiti haitafaa kitu. Tena tukumbuke kwamba mfugaji huyo ndiye mwenye jicho la kwanza. Watafiti walioufuatilia mlipuko wa 2006 na 2007 walikuta kwamba wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki walikuwa wameyatambua maradhi mapema, na walikuwa na jina lake: sandik, yaani pua itokayo damu. Waliona mvua isiyo ya kawaida, waliona mbu wengi, waliona mimba zikitupwa. Mjuzi wa kwanza alikuwa porini pamoja na wanyama wake, na elimu yake ilichukua muda mrefu kufika ofisini. Ni jambo lile lile la wachungaji wa Naivasha: walioteswa kwanza ndio waliosikiwa mwisho.

Basi jibu langu ni hili. Yatupasa kujikinga na msiba ambao huenda usitokee, maadamu tumepata sababu njema ya kuuhofu. Lakini kinga hiyo ni deni la wote, wala haifai kulipwa na wachache. Anayekula nyama, anayekunywa maziwa, na anayekusanya kodi, kila mmoja na achangie. Fidia ya mnyama na bei nafuu ya chanjo si sadaka kwa mfugaji. Ni malipo ya haki kwa mtu anayekesha zamu ya usiku kwa niaba yetu.

Ninyi mnaosoma maneno haya, baadhi yenu mtakuwa madaktari wa watu au wa mifugo, baadhi mtakuwa maofisa, na wengi mtakuwa raia wa kawaida. Hadi miaka hii ya 2020 hakuna chanjo ya homa hii iliyoruhusiwa kwa watu wote, na utafiti ungali waendelea. Utafiti huo una siku zake za sifa, lakini sehemu kubwa ni kazi ya kimya: kuhesabu mbu mwaka usio na mvua, kupima damu ya mbuzi wazima, kuandika katika daftari kwamba leo hakikuonekana kitu. Kazi hiyo yahitaji moyo usiotafuta kupigiwa makofi. Nasi tusioifanya tuna wajibu wetu. Mwaka utakapopita na wana-kondoo wa Naivasha wamekua salama, na magazeti hayana la kuandika, tusiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Tuulize ni nani aliyefanya kazi, na kama amelipwa.