Rangi ya Mjusi na Kiburi cha Mtu

Mwenye kupita njia ya Kibwezi hata Mutomo, katika nchi kavu ya Makueni na Kitui, humwona gorong'ondwa juu ya jabali: dume ana kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, na majike wake wana rangi ya udongo.

Je, rangi hiyo ni cheo alichozaliwa nacho? La. Asubuhi ya baridi, kabla hajaota jua, huwa mweusimweusi, kwani ngozi ya giza huvuta joto upesi. Akisha kupata moto, hung'aa. Akishindwa na dume mwenziwe, hufifia. Na usiku hafanani tena na yule mfalme wa mchana. Ama majike, rangi ya udongo ndiyo ngome yao, mwewe asiwaone.

Nasi wanaadamu ngozi zetu zimefuata jua. Penye jua kali, weusi umekuwa kinga kwa vizazi vingi. Penye jua hafifu, weupe umefaa. Basi rangi ni habari ya mahali, si habari ya moyo.

Msomaji atasema: "Hili twalijua." Ikiwa twalijua, mbona kijana wa bara, mwenye dini na tabia njema, akija kuposa mijini kwetu huulizwa kwanza kabila na rangi? Hapo twamhukumu kwa jua lililowapiga babu zake. Mwenyezi Mungu amezitaja rangi zetu kuwa ni ishara. Sisi tumezifanya mizani. Na tujisahihishe kabla ya usiku ule ambao rangi zote ni moja.