Tawakali na Ubao wa Jikoni

Kipande cha plaiwudi cha futi mbili kwa tatu, kikisha kupigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi ya ubao mara mbili, kikachorwa mistari ya siku kwa rangi nyeupe, kisha kikasuguliwa chaki uso mzima na kupanguswa ili maandishi ya kwanza yasiache alama ya kudumu, ni kitu ambacho kila mwenye brashi na msumari aweza kukifanya nyumbani kwake. Hutundikwa jikoni, mbali na mvuke wa vyungu, na kila siku, toka Jumamosi hata Ijumaa, ikaandikiwa chakula chake: mbaazi za nazi, muhogo, wali kwa mchuzi wa samaki, pilau. Kazi ya mikono ni nyepesi. Iliyo nzito ni ya fikira, kwani ubao huo haukai sana ukutani kabla hajatokea mcha Mungu mmoja akauliza kama si utovu wa adabu, kwa mja asiyejua kwamba ataamka kesho, kuandika leo atakachokula Alhamisi.

Swali hilo lina asili tukufu wala halistahili dharau. Sura ya al-Kahf inamkataza mtu kusema juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho pasipo kulifunga kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu, na watu wa pwani wamelelewa katika katazo hilo hata ahadi isiyo na inshallah husikika kwao kuwa ni ufidhuli. Lakini katika Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya Yusuf, imo habari ya nabii aliyewapangia watu wa Misri chakula cha miaka, akawaamuru kulima miaka saba mfululizo na kuyaacha mavuno katika mashuke yake, ila kidogo cha kula, ili yawafae katika miaka saba ya dhiki. Na katika hadithi alizozipokea Bukhari imesimuliwa kuwa Mtume Muhammad mwenyewe aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kukinyoshea mkono kwa kudai kuwa ana tawakali, huyo ana wazimu. Kama kunyosha mkono kwenye sahani hakuvunji tawakali, sioni kwa hoja gani kuunyosha kwenye chaki kuivunje.

Hata hivyo, ubao una mipaka yake. Aandikaye samaki wa maji makuu katikati ya kusi, bahari imechafuka na ngalawa zimepandishwa mchangani, ameandika matamanio yake tu. Na aandikaye dagaa wabichi kwa siku za mbalamwezi amesahau kwamba wavuvi huwafuata dagaa kwa taa katika giza la mwezi, maana mwezi ukiwaka juu, taa hupungukiwa na nguvu ya kuwavuta. Pepo na mwezi ni ratiba ambazo mpishi hakuziandika, na hana budi kuzitii. Ndiyo maana mistari ya siku hupigwa kwa rangi na vyakula huandikwa kwa chaki: siku zitakuja, tuwepo tusiwepo, bali kitakachopikwa ni nia tu, na nia njema haioni haya kufutwa na dhoruba, na bei ya soko, au na mgeni aliyebisha hodi saa ya kupakua.

Nikiisha kusema hayo yote kwa heshima, niseme na hili kwa uwazi: hoja ya tawakali dhidi ya ubao aghalabu hutolewa na mtu asiyepika. Riziki humfikia yeye imekwisha kuiva, imefunikwa kawa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kwake kuiona kama iliyoshuka kutoka mbinguni. Hajui kwamba kabla ya alfajiri yuko mwanamke, mama au mke au binti, aliyekwisha kujiuliza kama mchele umesalia, kama nazi zatosha, kama babu mwenye maradhi ya sukari ataweza kula kile wanachokitamani watoto; na kwamba swali la nini kipikwe leo, ambalo wengine hulitamka mara moja na kuondoka, yeye hulijibu kila siku ya umri wake bila ya shahidi wala msaidizi. Mpango, basi, ulikuwamo nyumbani siku zote. Ubao haukuuzua, umeutoa sirini tu, na aliyekuwa akiuchukua peke yake kichwani amepata mahali pa kuutua. Mwenye kukataa usiandikwe ukutani, huku akiendelea kula matunda yake, hapungukiwi na tawakali. Amepungukiwa na insafu, na hiyo ni taksiri kubwa zaidi katika dini yoyote niijuayo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiutundika ubao huo, utundike kwa kimo anachokifikia mtoto, uweke chaki zaidi ya moja, na kila alaye katika nyumba yako, mume asiachwe nje, ajiandikie siku yake. Na siku hiyo ikifika kwa majaaliwa ya Mungu, aingie jikoni akapike alichokiandika.