Kabla hatujamfungia binti mlango wa uwanja

Yapo maswali ambayo sisi walimu wa dini huulizwa kila mara mitaani, na mara nyingi huyajibu haraka kabla hatujayatafakari. Moja ni hili: je, inafaa binti wa Kiislamu kucheza mpira wa miguu?

Swali hili lilipata nguvu Julai 2025, pale timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, iliposhiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake huko Moroko. Ilikuwa mara ya pili kwa Tanzania kufika hatua hiyo, baada ya ile ya mwaka 2010 nchini Afrika Kusini. Safari hii tulipangwa na Afrika Kusini, Mali na Ghana. Twiga Stars walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, wakapoteza mechi mbili, wakarejea nyumbani.

Hapa Buhongwa, mechi za Simba na Yanga hujaza vibanda umiza mpaka wengine wakasimama nje. Zile za Twiga Stars zilizua wabishi wengi kuliko watazamaji. Wapo waliosema ni aibu, na wapo waliosema dunia imebadilika, tuwaache. Mimi sikuridhika na upande wowote, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zikimjadili binti peke yake, kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta mpira duniani.

Ndugu msomaji, tuanze na msingi. Maulamaa wametufundisha kwamba asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa, mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kukimbia na kupiga mpira si haramu kwa dhati yake. Kinachoweza kuufanya mchezo uwe haramu ni yale yanayoambatana nao: kuacha wazi mwili unaopaswa kusitiriwa, kupoteza swala, mchanganyiko usio na mipaka, na kamari. Haya ndiyo masharti. Sasa nauliza, ni lipi kati ya haya linalomhusu mwanamke tu?

Kwa kauli ya maulamaa wengi, wakiwemo wa madh-hebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo yetu wengi wetu hapa nchini, utupu wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Nenda katika kiwanja chochote cha mtaani saa kumi jioni uwaangalie vijana wetu, mapaja yako wazi. Uliza ni wangapi wameswali Alasiri kabla ya kipenga, au wataiswali kabla ya jua kuzama. Kisha pita pembeni uwaone wanaosubiri matokeo ya mikeka yao, na kamari imekatazwa waziwazi katika sura ya 5 aya ya 90. Khutba ngapi zimesomwa kuhusu hayo? Lakini binti mmoja akivaa viatu vya mpira, mtaa mzima unakuwa na mufti.

Baada ya swala ya Ijumaa moja, mzazi mmoja alinifuata. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa ameteuliwa kuingia timu ya UMISSETA. "Ustadhi," akaniambia, "nipe hukumu, nimruhusu au nimkatalie?" Nilimjibu, "Mzee wangu, kabla ya hukumu ya binti, naomba unieleze ya kaka yake." Alinyamaza. Mtoto wake wa kiume hucheza kila Jumamosi, na hajawahi kumuuliza anavaa nini wala anaswali wapi. Nilimweleza kwamba sikutaka kumfanya amruhusu binti kwa kuwa kaka yake ameachiwa. Kosa la mmoja halihalalishi la mwingine. Nilichotaka ni mizani iwe moja. Allah (SW) ametuamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, kama ilivyo katika sura ya 4 aya ya 135. Hukumu inayompata dhaifu ikamruka mwenye nguvu ni mazoea yaliyovishwa kanzu.

Tukirejea katika sira tunapata funzo kubwa. Imepokewa na Imamu Ahmad na Abu Daud kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (RA), wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda, na baadaye, mwili wake ulipoongezeka, Mtume akamshinda yeye. Wengi tunakijua kisa hiki na tunakisimulia kwenye harusi. Lakini katika mapokezi ya Imamu Ahmad kuna jambo tunalipita haraka: kabla ya kushindana, Mtume (SAW) aliwaamuru watu watangulie. Hakumwambia Bi Aisha aache kukimbia kwa sababu kuna watu. Aliwaondoa watu ili Bi Aisha akimbie. Mwenye mamlaka ndiye aliyebeba kazi ya kuandaa stara.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Sisi tumegeuza. Hatuna uwanja wenye uzio kwa ajili ya mabinti, hatujaandaa walimu wa kike wa michezo, hatujashona sare yenye heshima, kisha tunamwambia binti kwamba mazingira hayafai. Ni kweli hayafai. Lakini ni nani aliyepaswa kuyatengeneza?

Wapo wanaosema mpira wa kimataifa haukubali stara. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2011 wachezaji wa Iran walizuiwa kucheza na Jordan katika mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya vilemba vyao. Waislamu wenye nafasi, akiwemo Mwana-mfalme Ali wa Jordan, walilipigania suala hilo ndani ya FIFA, na mwaka 2014 hijabu ikaruhusiwa rasmi. Julai 2023, Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza Kombe la Dunia huko Australia akiwa na hijabu, wa kwanza katika historia ya mashindano hayo. Mlango ule haukufunguka kwa kulaumu mabinti. Ulifunguka kwa sababu kuna watu waliokwenda kugonga.

Atabaki mwenye kusema: je, na wanaume wanaotazama katika televisheni? Hili ni suala zito, na maulamaa wanaolichukulia kwa tahadhari siwabezi. Lakini tusisahau mpangilio wa Qur'an. Katika sura ya 24, amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume katika aya ya 30, kisha ndipo wanawake wakaamrishwa katika aya ya 31. Anayetazama ana hesabu yake mwenyewe mbele ya Mola wake, na hawezi kuihamishia kwa anayetazamwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazazi, walimu na wenye shule za Kiislamu ni huu. Anayetaka kumkataza binti uwanja wa hadhara ana haki ya kutoa hoja yake, lakini ana deni la kumjengea uwanja wa stara. Uzio wa mabati, mwalimu wa kike, suruali ndefu na ratiba inayoheshimu swala si mambo yanayotushinda sisi tunaochangishana mamilioni kwa ajili ya harusi. Binti unayemfungia mlango bila kumfungulia mwingine hatakaa sebuleni milele. Atapita dirishani, na siku hiyo atakuwa ameiacha nyumba pamoja na dini iliyomo ndani yake.

Na Allah (SW) ndiye Mjuzi zaidi.