Eliya Alimwacha Mtumishi Wake Beer-sheba

Somo: 1 Wafalme 19:1–18

Kwa waliokuwa shifti Jumapili wakakosa ibada, hili ndilo neno kwa ufupi.

Eliya tunampenda akiwa Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, haleluya! Lakini sura inayofuata yuko chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtoe uhai. Ni mtu yule yule, na wito wake ni ule ule. Sasa nyinyi mnaosema kila anayelemewa moyoni ana upungufu wa imani, Eliya mtamweka wapi?

Hebu tuone alifikaje pale. Nyuma yake kuna miaka ya ukame na ya kujificha. Kuna siku nzima ya mapambano mlimani. Halafu Yezebeli anaapa kumuua. Mstari wa 3 una jambo ambalo huwa tunalipita mbio: alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake. Alikuwa amechoka, kisha akajitenga. Hayo mawili yakikutana, hata nabii huanguka.

Hapa Kilindini tunayajua. Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipandishwe reli ya SGR, madereva wa malori, maturnboy, mawakala wa forodha na akina mama wanaowauzia chai walipoteza riziki. Watu waliandamana mjini. Septemba 2022 ikaagizwa kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Lakini ndugu, wapo ambao mpaka leo usingizi haujarudi. Ndoa zilivunjika katikati. Mikopo ya simu ilipandana. Baba aliyezoea kuitwa "bosi" akaanza kukwepa watoto wake sebuleni. Mtoto naye akajifunza kwamba baba akinyamaza, nyumba nzima inanyamaza. Mtoto huyo atakuwa mkubwa na kimya hicho atakibeba.

Nilisomea biashara chuoni, nivumilieni kidogo na mahesabu. Eliya anamwambia Mungu kwamba amebaki peke yake. Lakini rudini sura ya 18: Obadia alikuwa ameshamweleza kwamba amewaficha manabii 100 mapangoni! Eliya aliandika hasara zote, mali iliyobaki akaisahau. Hakuwa anadanganya. Moyo uliojeruhiwa ndivyo unavyopiga hesabu. Ndiyo maana hauwezi kujikagua wenyewe. Unahitaji mtu wa nje aje na daftari lingine. Mungu alipokagua, alipata 7,000.

Na tazameni Mungu alianza wapi. Hakuanza kwa kukemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Baadaye akamuuliza anafanya nini pale, akamsikiliza amalize, na akamuuliza tena. Mwisho akampa mtu: Elisha.

Sisi tunafanyaje? Ndugu akisema hasikii utamu wa kuishi, tunamwambia "funga siku tatu". Hajala vizuri wiki mbili, tunamwongezea njaa! Au dada anameza dawa za hospitali, mtu anamnong'oneza ati akiendelea nazo anamkana Mungu. Wapendwa, tusiuane kwa jina la Yesu. Hapa tutaomba, tena kwa kuwekea mikono. Na baada ya amina tutampeleka Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani aonane na daktari, na dawa asiziache bila daktari kusema.

Kuna aliyeogopa kusema kwa sababu ya sheria. Kwa miaka mingi, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Kama mahakama imeona mtu huyo anahitaji msaada kuliko kifungo, kanisa lisiwe ndilo selo iliyobaki.

Kazi ya wiki hii ni moja. Mfikirie mtu aliyekuwa akikaa karibu nawe ibadani na sasa humwoni. Usimtumie mstari wa Biblia kwenye simu. Mwendee, na mahamri yako mkononi. Mle. Muulize anaendeleaje, kisha unyamaze asikike. Akitaja kufa, usimwache peke yake. Piteni ofisini kwa mchungaji hata usiku.

Na kama Eliya ni wewe, usimwache mtumishi wako Beer-sheba. Mwambie mtu mmoja tu, leo.

Bwana, utupe macho ya kumwona aliye chini ya mretemu, na miguu ya kumfikia kabla hajalala. Katika jina la Yesu. Amina.