Chungu cha Dengu na Haki ya Mzaliwa wa Kwanza

Masomo: Mwanzo 25:29–34, 2 Wafalme 4:38–41



Katika majira haya ya Kwaresima tunawaletea somo la jikoni. Asiwepo wa kusema kwamba habari za sufuria na maharage ni ndogo mno kwa gazeti la Kanisa. Biblia yenyewe haioni haya kuingia jikoni, na mojawapo ya hasara kubwa zilizoandikwa katika kitabu cha Mwanzo ilitokea kando ya chungu cha dengu.

Habari hiyo twaijua tangu shule ya Jumapili. Esau alirudi kutoka porini, amechoka, njaa inamuuma. Yakobo nduguye alikuwa nyumbani na chungu chake kimeiva. Esau akaomba, Yakobo akataja bei. Bei ikawa haki ya mzaliwa wa kwanza, nayo ikaapiwa palepale. Esau akala, akanywa, akainuka, akaenda zake. Mlo mmoja, basi. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 12, anamtaja Esau kuwa onyo kwa Wakristo wote.

Hebu tulitazame vizuri kosa lake. Kuona njaa si dhambi. Kula dengu si dhambi. Ni chakula chema, nacho kimelisha watu wa nchi zile tangu zamani sana. Kosa lake ni kwamba aliuza kitu cha vizazi ili kutuliza njaa ya saa moja. Wala tusimwache Yakobo aende bure. Yeye alikuwa na chungu kilichojaa, na aliyesimama mbele yake alikuwa ndugu wa tumbo moja, pacha wake. Angaliweza kumpakulia. Alichagua kumwuzia. Basi palikuwa na makosa mawili pale motoni: la mwenye njaa aliyeshindwa kungoja, na la mwenye shibe aliyeshindwa kutoa.

Sasa tuje hapa kwetu Ruhembe. Bonde letu ni bonde la miwa. Hatuna neno baya juu ya miwa; imewajengea wengi nyumba za bati na kuwasomesha watoto wao. Lakini muwa hukaa shambani miezi kama 12 kabla ya kukatwa, na mvua za masika zinapofika viwanda husimama. Ndipo inapokuja ile miezi mirefu tunayoijua sote: fedha za msimu uliopita zimekwisha, na za msimu ujao zingali shambani. Katika miezi hiyo wapo wanaobisha hodi usiku kwa mwenye fedha, wakauza miwa ingali michanga kwa bei wanayotajiwa, au wakaweka rehani kipande cha shamba walichoachiwa na baba zao. Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Kule Kagera kuuza kahawa ingali maua kuna jina lake kabisa: huitwa butura, na imewaacha wakulima wengi mikono mitupu siku ya mavuno.

Na tukiuliza fedha hizo za usiku zilikwenda wapi, mara nyingi jibu ni chakula. Unga, mafuta, na maharage ya kupimiwa kwa kikombe. Huyo, ndugu zetu, ni Esau, naye amesimama tena mbele ya chungu cha mtu mwingine.

Tutamwambia nini? Tukimhubiria subira na kumwacha aende na njaa yake, tutakuwa tumemdhihaki. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, amekwisha kutukemea kwa imani ya namna hiyo. Subira haina budi kuwa na mahali pa kuanzia, nasi twasema mahali pake ni chungu cha nyumbani, kilichoinjikwa asubuhi kabla njaa haijafika.

Tuanze na shamba. Maharage hupenda ubaridi wa milimani, kama Ukaguru na Uluguru, lakini kunde, choroko na mbaazi hustahimili joto la bonde letu. Choroko na kunde za muda mfupi hukomaa kwa siku 60 hadi 80 tu, wakati muwa unadai mwaka mzima. Mbaazi zaweza kusimama mpakani miezi mingi pasipo kudai matunzo makubwa. Mizizi ya mimea hii ina vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuilisha mimea yenyewe, na majani na mizizi ikiozea shambani, udongo nao hupata sehemu yake. Punje zikikauka, sehemu kama moja ya tano hadi robo ya uzito wake ni protini, ile inayojenga mwili wa mtoto. Mataifa yote yaliutoa mwaka 2016 uwe mwaka wa jamii ya kunde duniani, na sasa tarehe 10 Februari kila mwaka ni siku yake. Heshima hiyo wazee wetu walikuwa wameitoa zamani, kwa kupanda.

Ambaye hana tena nafasi ya kupanda, na anunue gunia moja kwa kushirikiana na jirani zake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Zihifadhiwe pakavu na penye ubaridi, maana maharage yakikaa muda mrefu katika joto na unyevu huwa magumu, na utayapika mchana kutwa yasilainike.

Sasa supu yenyewe. Kwa watu 6, chukua vikombe 2 vya maharage makavu. Yachambue, uondoe mawe na yaliyooza, uyaoshe, uyaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo. Tia maji mapya yapite juu ya maharage kwa kadiri ya vidole vitatu, injika, na uchochee moto mpaka yatokote kwa nguvu. Yaache yatokote hivyo nusu saa. Kisha punguza moto ubaki makaa tu, funika vizuri, na uyaache yaive taratibu. Yakiwa laini, ndipo utie kitunguu, karoti, nyanya na chumvi. Nyanya zikitangulia, uchachu wake huchelewesha kulainika. Mwishoni tia majani ya kunde au mchicha, na tui la nazi likiwapo. Kunde na choroko hufuata njia hiyohiyo, ila huiva upesi zaidi.

Asiye na kuni za kutosha anaweza kutumia kapu. Chukua kapu kubwa, ulizungushie ndani blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba yaliyoshindiliwa. Maharage yakiisha kutokota nusu saa, sufuria ingali inachemka na mfuniko wake, itie ndani, uifunike juu kwa mto mzito, usiifungue. Baada ya saa 4 au 5 joto lake lenyewe litakuwa limefanya kazi bila kijiti hata kimoja. Yakiwa bado magumu, yachemshe tena na kuyarudisha. Na kabla ya kula, ichemshe supu tena mpaka itokote. Huo ni msaada kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu yetu pia. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ambao gesi na umeme havijawafikia jikoni, kapu wanalo leo.

Hapa tunatoa onyo, na tunaomba lisomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ndani yake. Punje 4 au 5 tu zisizoiva zaweza kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache. Kuyapasha joto bila kuyachemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kwaweza hata kuiongeza. Kwa hiyo wenye vile vyungu vya umeme vya kupika polepole wasitie humo maharage mabichi na kwenda kazini. Kwanza yatokote kwa nguvu juu ya jiko jingine, ndipo chungu cha polepole kiyapokee.

Twakumbuka chungu cha Elisha kule Gilgali, wakati wa njaa. Mtu mmoja alichuma matango ya porini asiyoyajua, akayakatia chunguni, na walipoonja walilia kwamba mna mauti ndani. Nabii akatia unga, wakala, pasiwe na madhara. Sisi hatukuahidiwa muujiza kwa kila sufuria. Tumepewa moto, na akili ya kuutumia.

Na moto huo una mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba yapo mambo ambayo subira peke yake haiyaponyi. Deni ambalo mume amemficha mkewe, pombe inayokula fedha za shule, chuki kati ya ndugu juu ya mpaka wa shamba: haya tukiyapasha joto kwa maneno laini mwaka hadi mwaka, sumu inabaki. Sharti yatokote kwanza. Ndiyo maana Kanisa limetupa Kwaresima, tuungame kwa wazi, tutubu, tutengeneze. La pili ni kwamba baada ya kutokota kazi inayobaki ni ya makaa madogo: sala ya asubuhi na jioni, kazi ya mikono, shilingi inayowekwa kidogo kidogo. Wako wanaotia magadi ili maharage yalainike upesi. Yatalainika, lakini sehemu ya vitamini hupotea. Njia za mkato katika maisha ya Kikristo nazo zina hasara yake, hata kama sahani inapendeza macho.

Wazee husema mafiga matatu ndiyo yainjikayo chungu. Tusimwachie mama peke yake kuchambua, kuloweka, kutafuta kuni na kuchochea, kisha baba akaja kama Esau kuuliza chakula ki wapi. Baba anaweza kusuka kapu. Kijana anaweza kuloweka maharage kabla ya kulala.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila nyumba ipike supu hii siku za Ijumaa za Kwaresima, na fedha ambayo ingenunua nyama iletwe kanisani Jumapili katika bahasha. Pili, kila mtaa utunze fedha hizo chini ya wazee wake, ziwakopeshe bila riba wale watakaoishiwa chakula wakati wa masika, wasije wakauza miwa michanga. Tatu, na hili twalisema kwa upendo lakini bila kuficha: ikiwa miongoni mwetu yumo anayenunua miwa au shamba la jirani kwa bei ya njaa, ajue kwamba yeye ndiye Yakobo wa siku ile. Na akumbuke kwamba Yakobo aliishi miaka mingi akiogopa kukutana uso kwa uso na ndugu yake, hata siku walipokutana wakalia wote wawili. Heri kupakua sasa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewalisha watu wako jangwani, utupe moyo wa kungoja na mkono wa kutoa. Uondoe mauti katika vyungu vyetu na uongo katika nyumba zetu. Uwalinde watoto wetu wasije wakaukuta urithi wao umeliwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.