Mtoto Aliyechoka na Chuo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, alitujia mzazi mmoja hapa Shimanzi akimkokota mwanawe wa miaka kumi. Kwa muda wa miezi miwili mtoto huyo alikuwa akitoka nyumbani na juzuu yake, asifike chuoni, akashinda kutazama malori. Mzazi akatuambia: "Mwalimu, nyama ni yako, mimi nirudishie mifupa."

Tulimweka mtoto kando tukamwuliza kwa upole. Akasema amekwama katika sura moja, wenziwe wamempita, na kila akikosea huchekwa. Tuliona haya, kwani waliomcheka ni wanafunzi wetu, na walionyamaza ni sisi.

Jee, ndivyo tulivyofundishwa? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amempa bishara ya ujira maradufu yule asomaye Qur'ani kwa kugugumiza naye yamwia mashaka. Basi tuliyemwacha achekwe ndiye mwenye ujira maradufu!

Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni apewe nafasi ya mchezo mwema. Akizuiliwa na kulemezwa masomo daima, moyo wake hufa, akili yake hufifia, naye hutafuta hila ya kuyakimbia. Hila hiyo ndiyo tuliyoiona kwenye malori.

Atasema msemaji: Mtume ameamrisha mtoto wa miaka kumi apigwe. Twamjibu: hadithi hiyo ni ya mwenye kuacha Sala, si ya aliyeshindwa na somo, wala si ruhusa ya kuumiza. Na wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje.

Basi wazazi na waalimu, tufanye haya. Kwanza, tutafute sababu: huenda mtoto haoni vyema, au hasikii vyema, au amechoka kwa kuwa skuli tangu asubuhi. Pili, tumpunguzie somo. Aya tatu zilizothibiti ni bora kuliko ukurasa uliosahauliwa. Qur'ani yenyewe ilishuka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Tatu, tusimlinganishe na nduguye wala jirani. Nne, tupambanue faradhi na ziada. Sala na Alhamdu haziachwi, hata kama yataka subira ya miaka. Ama kuhifadhi Qur'ani yote ni faradhi ya kutoshelezana. Mtoto asiyeiweza hana dhambi, na mzazi asimlazimishe kwa ajili ya kujifakhirisha mbele ya watu.

Mtoto yule tulimrudisha nyuma sura mbili, tukawakanya wenziwe, na babake sasa huketi naye baada ya Magharibi kumsikiliza. Hatusemi kwamba amekuwa hodari, bado hukwama. Lakini huja mwenyewe, pasi na kukokotwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa watoto tuliowakimbiza katika Kitabu chake kwa ukali wetu, na awarejeshe kwa rehema yake. Amin.